Sidi Mubarak Bombay: Askari wa Chogwe Aliyepita Jirani Yetu

Ndugu Mhariri ameniomba niandike habari za mtu mashuhuri aliyekwisha kufa zamani, ambaye vijana walioko shuleni sasa ingewafaa kumjua. Nadhani alitazamia nimwandike mtawala au mwanasiasa. Mimi nimemchagua askari. Tena hakuwa jemadari wala mkubwa wa jeshi, bali askari wa kawaida katika ngome ndogo ya Sultani wa Unguja, mwenye madeni na mshahara usiomfikisha mwisho wa mwezi. Jina lake Sidi Mubarak Bombay. Sisi tuliosoma hapa Maili Moja tuna haki ya kumhesabu kuwa mpita njia wa kwetu. Kati ya mwaka 1857 na 1860 alipita mara tatu katika nchi hii ya Uzaramo, akifuata bonde la Mto Ruvu, mto ule ule ambao maji yake, yanayosukumwa kutoka Mlandizi, wengi wetu tumeyanywa tangu Kidato cha Kwanza.

Nianze na jina. Sidi ndivyo Wahindi walivyowaita watu weusi waliofika kwao kutoka pwani yetu. Mubarak ni jina la Kiislamu, lililopendwa sana kupewa watumwa. Bombay ni mji wa India. Basi huyu bwana alikuwa na majina matatu, na hakuna hata moja alilopewa na baba yake.

Alizaliwa karibu na mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, huko kusini. Mama yake alikufa yeye akiwa bado mdogo. Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi, lilifika kijijini kundi kubwa la wafanyabiashara kutoka pwani na watumwa wao, wote wana bunduki na panga, wakakizingira kijiji. Walidai kwamba wanakijiji walikopeshwa bidhaa zamani na hawakulipa, na sasa walipe mara moja au wataona. Walionijia na hoja ya kwamba biashara ya watumwa ilikuwa vita vya wazi tu, nawaomba waiangalie habari hii: ilianza kwa deni, mithili ya mtu aliyekuja na hati ya madai mkononi. Wanakijiji walijaribu kujitetea wakashindwa. Waliokamatwa wakafungwa, wakaswagwa hadi Kilwa, wakapakiwa jahazini kwenda Unguja. Mtoto yule hakumwona baba yake tena. Sokoni Unguja alinunuliwa na Mhindi mmoja, na bei yake ikalipwa kwa nguo.

Habari hizi alizisimulia mwenyewe, miaka mingi baadaye, kwa Kihindustani, na Mwingereza akaziandika kwa Kiingereza. Zimepita vinywa viwili kabla ya kutufikia. Hata hivyo ni zaidi ya tulichonacho kwa maelfu ya wenzake.

Yule Mhindi alimchukua hadi India, akamtumikia kwa miaka kadhaa. Bwana alipokufa, Bombay akawa huru. Akarudi Unguja. Nimewahi kuulizwa kwa nini hakwenda moja kwa moja kwao Uyao. Kwa maoni yangu jibu si gumu. Njia ya kwenda Uyao ilipita Kilwa, na Kilwa ya siku zile haikuwa mahali pa kijana mweusi asiye na jamaa kutembea peke yake akijitangaza kuwa ni mngwana. Mtu wa namna ile alihitaji mkubwa wa kusimama nyuma yake. Aliyepatikana kwa urahisi alikuwa Sultani. Bombay akaandikwa askari.

Jeshi la Sultani wakati huo halikufanana na jeshi tulijualo sisi. Sehemu yake kubwa walikuwa Wabulushi, watu wa Baluchistani na Makrani, ambao Sayyid Said na baada yake Sayyid Majid waliwaajiri kulinda miji na ngome za pwani. Pamoja nao waliandikwa watu wengine wa kila aina, Bombay akiwamo. Waligawanywa vikundi vidogo vidogo, kila kikundi chini ya jemadari wake, huku watu ishirini na kule watu thelathini. Mshahara ulikuwa riale chache kwa mwezi. Askari alijilisha na kujivika mwenyewe, kwa hiyo wengi wao walifanya biashara ndogo ndogo, na wengi zaidi walikopa.

Bombay alipangwa Chogwe, kituo kilichokuwa juu ya kilima upande wa bara kutoka Pangani, kilichoitazama njia ya mtoni. Kazi ya askari wa Chogwe ilikuwa kukaa. Walikaa kuonyesha kwamba Sultani yupo. Gwaride halikuwapo la maana, na chakula kilikuwa cha shida. Watumishi wenzangu wa serikali waliowahi kupangwa kituo cha mbali ambako gari la ofisi halifiki watayaelewa maisha hayo bila mimi kuongeza neno. Mtu angeweza kuzeekea pale, akafa, na jemadari akaandika jina la mwingine mahali pake.

Mwezi Februari mwaka 1857 walifika Chogwe maofisa wawili wa jeshi la Waingereza wa India, Richard Burton na John Speke, wakielekea Fuga, makao ya Kimweri, mtawala wa Usambara. Waliomba watu wa kuwasindikiza, na mmoja wa waliotolewa alikuwa Bombay. Safari ile ilikuwa fupi, lakini ilitosha kumwonyesha ni mtu wa namna gani. Aliteguka kifundo cha mguu akaendelea kutembea. Mwili wake ulikuwa mdogo, lakini alibeba mzigo uliomzidi na bunduki mbili juu yake. Walipomsifu, aliwaambia waziwazi kwamba hafanyi hivyo kwa kuwapenda wao. Anafanya kwa ajili ya tumbo lake. Burton aliandika jambo hili kwa mshangao. Mimi silioni la ajabu hata kidogo. Naliona ni jibu la mtumishi anayejua tofauti ya kazi na mapenzi.

Wale Wazungu wakamlipia madeni yake, wakazungumza na jemadari, wakamtoa jeshini. Hapo uaskari wake wa Sultani ukaisha, na ule mwingine ukaanza, ambao ulidumu karibu miaka 20.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kumtaka. Speke hakujua Kiswahili wala Kiarabu, lakini alijua Kihindustani kidogo kutokana na kazi yake India. Bombay naye alikuwa na Kihindustani alichojifunza utumwani. Kwa hiyo, kila Speke alipotaka jambo lolote, maji au mlima au jina la mto, neno lilipita kwa Bombay. Lugha aliyoipata kwa kuuzwa ndiyo iliyompandisha cheo.

Mwishoni mwa Juni 1857 msafara uliondoka Kaole, karibu na Bagamoyo. Sayyid Majid aliwapa Wabulushi 13 wa kuwalinda, na mkuu wa msafara alikuwa Said bin Salim. Njia yao haikuvuka mto pale Bagamoyo kama misafara mingi iliyofuata. Walipanda bonde la Ruvu, ambao sehemu za chini huitwa Kingani, wakishika ukingo wa kulia, yaani upande wetu huu wa Uzaramo, kuelekea Kidunda na Zungomero. Wanafunzi wa Jiografia wachukue ramani wauandame huo mto kwa kidole. Wataona jinsi njia ile ilivyopitia nchi ambayo sasa ni ya Bagamoyo, Kibaha na Kisarawe. Wale walinzi Wabulushi waliiogopa sana Uzaramo. Mwaka 1845 Mfaransa kijana aitwaye Maizan aliuawa katika nchi hii, mahali paitwapo Dege la Mhora, na habari za kifo chake zilikuwa bado zinasimuliwa kila kambi. Wazaramo walidai hongo kwa haki yao ya wenye nchi, na msafara ukalipa ukapita.

Walifika Kazeh, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, na Ujiji mwezi Februari 1858. Burton alikuwa hawezi kutembea kwa maradhi, na Speke alikuwa na ugonjwa wa macho hata ziwa lenyewe aliliona kama ukungu. Katika hali hiyo nani aliyekuwa akigawa posho, akihesabu ushanga na merikani, akiwasikiliza wapagazi wanaotishia kutoroka? Said bin Salim alikuwapo, ndiyo, lakini siku hadi siku mzigo ulimwelemea Bombay. Mwezi Julai Speke aliacha Burton Kazeh akaenda kaskazini, na Bombay akaenda naye. Tarehe 3 Agosti 1858 waliliona ziwa ambalo tuliandika jina lake jipya kwenye madaftari yetu ya Historia kuwa Victoria. Kwenye karatasi ya mtihani jibu lilikuwa John Speke, alama moja. Walirudi pwani mwanzoni mwa Februari 1859, wakitokea Konduchi, baada ya kuikata Uzaramo tena.

Mwaka 1860 Speke alirudi, safari hii pamoja na James Grant, na akamtafuta Bombay kwanza. Bombay ndiye aliyemkusanyia wangwana, yaani watu huru wa Unguja walioshika bunduki. Mwezi Oktoba walipanda tena ukingo ule ule wa Ruvu, na hiyo ndiyo mara yake ya tatu kupita huku kwetu. Mwaka 1861 Said bin Salim aliachwa Kazeh kwa ugonjwa, na uongozi wa watu ukawa wa Bombay. Hapakukosa mpinzani. Palikuwa na mtu aitwaye Baraka, aliyepata kutumika katika meli za kivita za Waingereza, mjanja kuliko Bombay, msemaji kuliko Bombay, na aliyeamini kwamba cheo kile kilikuwa halali yake. Ugomvi wa watu hawa wawili uliutikisa msafara kwa miezi mingi. Mtu yeyote aliyepata kufanya kazi katika ofisi yenye meza mbili na kiti kimoja cha mkuu ataujua ugomvi huo.

Mbele ya Kabaka Mutesa wa Buganda, mwaka 1862, mazungumzo yalikwenda hivi: Speke alisema kwa Kihindustani, Bombay akageuza kwa Kiswahili, mtu aitwaye Nasib akageuza kwa Kiganda. Jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo. Neno kali lilipunguzwa makali likiwa njiani, na ombi likavikwa adabu. Sina shaka kwamba mara nyingi Speke na Mutesa walipatana kwa sababu wale watu wawili wa katikati walikuwa na busara kuliko waliokaa pembeni.

Lakini huko huko Buganda ndiko Speke alikompiga Bombay ngumi za uso mbele ya watu aliokuwa akiwaongoza. Sababu ilikuwa ubishi juu ya amri. Mapengo ya meno ya juu alibaki nayo, na miaka 9 baadaye mtu mwingine aliyemwajiri aliyaona akaandika yalikotoka. Bombay alikasirika, akatishia kuondoka, kisha akarudi kazini. Baadaye mwaka ule ule yeye ndiye aliyetumwa kutoka Bunyoro kwenda kaskazini kutafuta kituo cha watu wa Petherick, mfanyabiashara Mwingereza wa Sudan. Alikuta kituo, akarudi na habari, na nguo mpya alizopewa huko. Kwa lugha nyingine, uthibitisho kwamba njia ya kutokea Misri ipo uliletwa na mtu aliyetoka kupigwa ngumi.

Wapatao 200 walitoka pwani. Waliofika Misri mwaka 1863 pamoja na Speke walikuwa chini ya 20, na Bombay alikuwa mkubwa wao. Walipigwa picha Cairo, wakaahidiwa kila mmoja shamba Unguja, wakapakiwa kwa Suez na Aden, na kwa mkorogo wa safari wakajikuta Mauritius na Shelisheli kabla ya kufika nyumbani. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa Bombay nishani ya fedha. Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe huko Uingereza mwezi Septemba 1864.

Hapa nisimame kidogo. Nilipowatembelea wanafunzi mwaka jana, nilikuta wakijadili kama watu wa namna ya Bombay walikuwa vibaraka wa wakoloni. Waliosema ndiyo walisema kwa ufasaha, nami nilifurahi kuwasikia, ingawa sikukubaliana nao. Ni kweli kwamba ramani zilizochorwa katika safari zile ziliwasaidia waliokuja kututawala. Lakini mwaka 1857 koloni la Wajerumani halikuwapo hata katika ndoto za huyo askari. Alichokiona yeye mbele yake kilikuwa madeni yaliyolipwa na mshahara wa kila mwezi. Kumdai mtu aliyeporwa utoto, jina na nchi kwamba angeitetea nchi nzima dhidi ya jambo litakalotokea miaka 30 baadaye, ni kumdai deni asilokopa. Kijiji cha baba yake kilivunjwa kwa madai ya namna hiyo hiyo.

Sisemi kwamba hakuwa na lawama. Mtu wa katikati huwa nazo. Wakubwa walimpiga, na yeye naye aliwapiga waliokuwa chini yake, maana nidhamu ya msafara ilikuwa hivyo. Alipenda pombe, na zaidi ya mmoja wa waajiri wake wameandika hivyo. Mali ya msafara aliilinda vizuri mara nyingi, na mara nyingine akasahau kitu njiani. Wapagazi walimwona kuwa wa wazungu, na wazungu wakamwona kuwa wa wapagazi. Mimi nimetumika serikalini miaka ya kutosha kujua kwamba anayeshutumiwa na pande zote mbili mara nyingi ndiye anayeifanya kazi isonge.

Mwaka 1871 Henry Stanley, akijiandaa kwenda kumtafuta Livingstone, aliuliza wako wapi watu wa Speke. Bombay alikutwa Pemba. Alikubaliwa kuwa kapteni wa askari kwa riale 80 kwa mwaka, nusu yake mbele, pamoja na bunduki, bastola, kisu na shoka. Wenzake wa zamani waliojiunga walipewa riale 40. Tazameni tofauti hiyo. Askari wa Chogwe aliyeshindwa kulipa madeni yake sasa alikuwa na bei, na aliijua.

Safari ya Stanley ndiyo iliyomwingiza vitani. Mwezi Agosti 1871 Waarabu wa Tabora waliamua kumpiga Mirambo, na Stanley akaingiza msafara wake upande wao. Walishambulia, wakashangilia, kisha Mirambo akawavizia wakirudi na nyara, akawaua wengi, na waliobaki wakakimbia usiku. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo baadhi ya askari wa Stanley, watu wa kundi ambalo Bombay alikuwa kapteni wake. Miaka yote ya Chogwe alilipwa kama askari bila kuhitajiwa sana, na vita kama vile vikamfika alipokwisha kuacha jeshi, vita visivyomhusu, upande ulioshindwa. Stanley naye alimchapa bakora, siku ya kuondoka Tabora, kwa kuchelewa. Mwishoni mwa mwaka ule, Livingstone akapatikana Ujiji.

Safari yake ya mwisho iliyokuwa kubwa ilianza mwaka 1873 chini ya Verney Lovett Cameron. Bombay alikuwa amezidi miaka 50 na Cameron alilalamika kwamba amechoka na anaishi kwa sifa za zamani. Labda ni kweli. Lakini mwezi Oktoba mwaka ule, wakiwa Tabora na homa, walipokea habari kwamba Livingstone amekufa na watu wake, Chuma na Susi na wenzao, wanauleta mwili wake pwani. Wazungu wenzake Cameron wakarudi, mmoja wao akajiua njiani. Cameron akaendelea magharibi, na Bombay mchovu akaendelea naye: Ujiji, kusini mwa Ziwa Tanganyika, Nyangwe, nchi ya Urua, hadi wakatokea pwani ya Atlantiki karibu na Benguela mwezi Novemba 1875, wakiwa hoi kwa njaa. Mtoto wa Uyao alikuwa amelivuka bara la Afrika kutoka bahari hadi bahari. Wakati yuko njiani, kwa mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, Sayyid Barghash alilifunga soko la watumwa la Unguja, mji ambako yeye mwenyewe aliuzwa kwa vitambaa.

Mwaka 1876 alirudishwa Unguja kwa bahari. Kwa makadirio alikuwa amesafiri kilometa 9,600 hivi, sehemu kubwa kwa miguu. Kile chama cha London kikamwekea malipo ya uzeeni mwaka ule ule, na akayapokea hadi kufa. Mwaka 2009 chama hicho kilifanya maonyesho juu ya wasaidizi waliosahauliwa wa safari za zamani, na Bombay alikuwa mmoja wao.

Mwezi Agosti 1885 manowari za Wajerumani zilitia nanga mbele ya jumba la Sayyid Barghash, zikielekeza mizinga mjini, ili akubali madai yao ya bara. Nchi walizodai ni zile ambazo Bombay alizipitia na Burton, na Speke, na Stanley, na Cameron. Alikuwa bado hai, mzee wa miaka 65 hivi, hapo hapo Unguja. Alikufa tarehe 12 Oktoba mwaka huo.